Chupa Kwenye Mchanga wa Mtungi

Shangazi yangu bado anasimulia kwamba aliniokoa na kifo. Akianza tu, mimi huondoka. Sina subira naye, wala sijifanyi ninayo.

Nilikuwa binti wa shule, naishi kwake Buzebazeba, kando ya ziwa, nikijichoma insulini asubuhi na jioni kwa kuwa mwili wangu haukutengeneza yake. Friji hatukuwa nayo. Chupa ya dawa ilikaa kwenye mchanga mbichi chini ya mtungi wa maji ya kunywa, imefungwa kwenye nailoni. Aliyejaza mtungi ule kila siku ni mama mmoja aliyevuka ziwa kukimbia vita kwao Burundi, akawa anatufanyia kazi za ndani kwa kula na kulala.

Mwaka ule sukari yangu ilipanda ikagoma kushuka. Nilikunywa maji bila kukoma, nikakonda, miguu ikakosa nguvu. Kliniki waliniongezea dozi, wapi! Kwanza Shangazi alisema naiba miwa. Alipoona hata nguvu ya kutafuna muwa sina, akamgeukia yule mama.

"Anavuta dawa kwenye chupa kwa sindano, anatia maji," alisema siku aliporudi kutoka soko la Mwandiga na madumu yake ya mawese ya biashara. "Dawa anawauzia wenzake. Mimi si mtoto wa jana."

"Oya, mama, hapana, sijagusa," alijibu yule mama. Alikuwa anapara samaki, migebuka, kisu kikamponyoka.

Nilimwambia Shangazi kwamba hata sindano ya kliniki, kutoka chupa yao wenyewe, haikunishusha sukari. Akanijibu nisimtetee anayeniua. Anayeniua! Yule mama ndiye aliyekuwa ananichemshia maji ya chumvi nisukutue, maana fizi zangu zilitoka damu kila nilipopiga mswaki. Shangazi akasema hayo maji nayo ni uchawi.

Akaenda kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi akaja na mgambo, maana mkimbizi anayeishi mjini bila kibali hakuwa na wa kumtetea. Wakampandisha lori la kwenda kambini na vitenge vyake viwili. Alitaka kuniaga, Shangazi akasimama mlangoni katikati yetu.

Sukari haikushuka. Chupa mpya, mchanga mpya, na hakuna mgeni ndani ya nyumba, lakini nilizidi kukonda. Ndipo daktari mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka Mbeya akaniambia nifungue mdomo. Alibonyeza fizi, usaha ukatoka.

"Hizi zimevimba muda mrefu," alisema, Shangazi ameketi pembeni yangu, anasikia kila neno. "Uvimbe usiopoa unaufanya mwili uwe mgumu kwa insulini. Inaingia, lakini haifanyi kazi yake yote. Sukari nayo ikipanda, fizi zinazidi kuharibika. Dawa yenu haikuwa na kosa lolote."

Waling'oa meno matatu, wakanipa vidonge. Taratibu sukari ikashuka, nguvu zikarudi. Nilikuwa namsubiri Shangazi aseme neno. Kila alipovaa kanga ya kutokea nilidhani anakwenda kumuulizia yule mama kambini, kumbe anakwenda kwenye mawese yake.

Siku moja majirani walikuja kuniona. Shangazi akawamiminia chai, akanishika bega, akatabasamu.

"Mnamwona?" aliwaambia. "Tangu yule Mrundi aondoke, mtoto amepona."