Wazee Waliopakwa Rangi ya Midomo

Juzi, kwenye duka la mitumba kule Laurel, huku ughaibuni, niliikuta ile CD. Wanamuziki wanne wa roki, rika la babu yangu, wamepaka midomo rangi na kubandika kope, vitambi vimebanwa na suruali za kumetameta. Mastaa waliogoma kustaafu. Hata bure nisingeichukua.

Nilipokuwa mtoto, Mama aliileta CD kama hiyo nyumbani kwetu Lanham mchana mmoja, kapewa na mzee aliyekuwa akimhudumia. Alipoiweka, gitaa likakwaruza, na sauti zikatoka zimechoka kama za wagonjwa waliolazimishwa kuimba. Nilipoliona jalada niliamini ni wale wazee wake wa kazini, aliokuwa akiwaogesha na kuwavalisha kila siku.

"Hawa una muda wa kuwapaka rangi," nilimwambia kwa Kiingereza changu. "Mimi hata kunisuka huna."

Mama hakucheka. Alinikalisha katikati ya magoti yake, bado kavaa sare, vidole vikinuka glavu, akaanza kunisuka. Albamu ile ya kipuuzi iliisha kabla hajamaliza hata nusu ya kichwa.

"Tulia, mwanangu," akasema, akairudisha mwanzo.

Mara ya pili ilikuwa mbovu zaidi. Sikujitikisa.