Rafu Nilizomnyima Mchoraji

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kuambiwa kwamba yule mchoraji wa Magomeni amefariki dunia, na neno la kwanza lililonitoka lilikuwa "afadhali". Binti yake mkubwa, ndiye aliyepiga, akaniuliza kama nimemsikia vizuri. Nilimsikia vizuri sana. Alikuwa amenieleza kwamba baba yake aliugua siku chache tu, akafia kitandani kwake, hatua kumi kutoka kwenye banda alilochoria kwa miaka mingi, na kwamba asubuhi ile aliomba mlango wa banda uachwe wazi ili apate harufu ya rangi. Ninyi wasomaji mnaonijua kwa ulimi mkali mtaniwia radhi. Nimezika marafiki wengi, na sikumbuki msiba mwingine nilioushukuru kwa namna ulivyokuja. Nilisema afadhali kwa sababu najua mtu yule alikuwa karibu aishie wapi, na najua nani alikuwa amempa kisogo siku hizo. Ni mimi.

Msibani watu walinishika mkono wakisema mimi ndiye niliyempa mahali pa kwanza pa kuonyesha kazi zake. Nilikanusha, wakadhani ni unyenyekevu. Unyenyekevu mimi sina, mke wangu atawathibitishia. Basi naandika hapa, kwa herufi za gazeti, ili jambo hili linitoke rohoni nami nipumue.

Enzi za Ujamaa nilikuwa muuzaji katika duka la ushirika la mtaa wetu, pale Kariakoo inapokaribia kugusana na Gerezani. Yeye alikuwa ametoka Kusini na mkewe na mtoto mchanga, wakapanga chumba kimoja Ilala. Alichora kwa rangi ya mafuta, ile ile ya kupakia milango, juu ya vipande vya hadibodi. Alichora ndege, samaki, na wanawake wenye vichwa vidogo na mabega mapana. Kwanza alichorea chumbani, mtoto akaanza kukohoa. Akahamia ukumbini, kwenye ile njia ya katikati inayotumiwa na wapangaji wote, na siku moja mpangaji mwenzake aliyekuwa akienda harusini akapitisha kanga yake mpya juu ya kasuku ambaye hajakauka. Mama mwenye nyumba akamwita uani akamwambia kwa upole, "Baba, mimi nimekupangisha chumba cha kulala. Karakana sikukupangisha." Akabeba mikebe yake hadi Gerezani, kwa fundi mmoja wa kunyoosha bodi za magari aliyempa kona. Huko vumbi la chuma lilikuwa likitua juu ya rangi mbichi, ndege wake wote wakatoka na ukurutu. Nilikuwa nikimwona akipita dukani kwetu na vipande vya hadibodi kwapani, nikidhani ni seremala asiye na haraka.

Kisha ikaja misako ya wasio na kazi. Waliokuwa mjini enzi hizo wanakumbuka. Ukisimamishwa na mgambo ulitakiwa useme unafanya kazi gani na unaifanyia wapi, na usipokuwa na la kusema unapakiwa kwenye lori, unarudishwa kijijini kwenu au unapelekwa kulima. Sitaki kubishana hapa kama jambo lile lilikuwa jema au baya. Mashamba yalihitaji watu na wengine wetu tulikuwa kweli tunazurura. Ila yeye hakuwa mzururaji. Alisimamishwa karibu na sokoni, kwapani ana samaki wawili wa rangi.

"Kazi yako?"

"Nachora."

"Unachorea wapi?"

Hapo akakosa jibu. Jibu la kweli lilikuwa kwamba anachorea mahali ambapo bado hajafukuzwa, na hilo huwezi kumwambia mgambo. Balozi wa nyumba kumi wa kwao alimwombea, akapewa wiki moja alete barua yenye mhuri inayoonyesha anapofanyia kazi. Akishindwa, aondoke mjini yeye na familia yake. Mkewe alianza kufunga vyombo siku ile ile.

Alinijia asubuhi ya pili yake. Alisimama mbele ya kaunta, akatazama juu, akatazama chini, akasema, "Ndugu, naomba rafu zako." Akaeleza shida yake yote bila kulalamika, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda hospitali. Alitaka kuweka picha kwenye rafu watu wazione, na achoree katika stoo ya nyuma. Kwa malipo, atatufagilia na kutupakia rangi milango. Mimi nikamjibu kwa Kiswahili cha ofisini. Nilimwambia rafu hizi ni mali ya wanachama, zimewekwa kwa ajili ya bidhaa muhimu, na si za mtu binafsi kufanyia maonyesho. Akaniuliza taratibu, "Kwani zina nini, ndugu?"

Swali lile lilinichoma. Rafu zangu zilikuwa na majani ya chai, viberiti, na dawa ya viatu. Basi. Sukari, sabuni, mafuta na unga vilikuwa habari za kusikia tu. Kila asubuhi nilipanga vikopo vya dawa ya viatu kimoja kimoja, nikiacha shubiri mbili kati ya kopo na kopo, ili anayechungulia dirishani aone rafu ina vitu. Nilikuwa kijana, nilikuwa naona aibu, na mtu huyu alikuwa ananitaka niutangazie mtaa kwamba duka ni tupu. Nikamwambia hapana. Alikuja tena kesho yake, nikamwambia hapana. Siku ya tatu nilijifanya nahesabu viberiti.

Siku ya nne alikuwa ameketi kwenye ngazi ya duka alipofika mwenyekiti wa kamati yetu. Huyu alikuwa mama mzaliwa wa Kariakoo, mwanachama wa kwanza kabisa wa duka lile, asiyeogopa cheo cha mtu. Mchoraji akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekosa nini hapa? Sukari haijaja."

"Nimekosa mahali, mama."

Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani, akapitisha kidole kwenye rafu ya juu, akakitazama kile kidole, akanigeukia mimi na vikopo vyangu. "Mwanangu," akasema, "hebu niambie. Wewe unamnyima nini hasa?"

Nikasogeza kikopo kimoja. Mama akaamua pale pale kwamba mchoraji atumie rafu na stoo, kwa sharti moja: siku bidhaa zikiingia, anatoa vitu vyake bila kuambiwa mara mbili. Barua niliiandika mimi, kwa mkono wangu, nikapiga mhuri. Kwa hiyo wale wa msibani wanaosema niliandika barua wanasema kweli. Wasichojua ni kwamba niliiandika mama yule akiwa amesimama nyuma ya kiti changu.

Jioni ile mchoraji alipanga picha zake kwenye rafu zote, nikafunga duka nikaenda zangu. Asubuhi nilipokunja kona nilikuta foleni. Haikuwa foleni ndogo. Ilianzia mlangoni ikafuata ukuta hadi kwa mshona viatu, na kati ya watu kulikuwa na mawe, vikapu na kandambili, kila kimoja kikimwekea nafasi mtu aliyeenda kuwasha jiko kisha arudi. Siku hizo hukuuliza kwanza. Ukiona foleni unaingia, ukishapata nafasi yako ndipo unamuuliza wa mbele kuna nini, na mara nyingi na yeye hajui. Mtu mmoja alikuwa amepita alfajiri akaona, kupitia nondo za dirisha, rangi nyekundu, njano na buluu zimejaa rafuni, na rangi rafuni ilikuwa na maana moja tu: mzigo umeingia.

Nikatafuta funguo mfukoni. Nilijua watu waliosimama bure wana hasira, na nilijua uso watakaoutafuta ni wangu. Mchoraji naye alikuwa amefika, ameshika ile barua kwa mikono miwili. Nikafungua mlango. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mjane mmoja wa Magomeni aliyekuwa akiuza maandazi.

"Nini kimekuja?" akauliza.

"Picha, mama."

"Picha za kufanyia nini?"

"Za kutazama."

Alinitazama mimi kwanza, kwa muda ambao sikuupenda. Kisha akatengeneza kanga yake. "Nimesimama hapa tangu saa kumi na mbili," akasema. "Siondoki bila kitu. Nipishe nitazame." Akaingia, akatazama kila rafu kama anayechagua nyanya, na waliofuata nao wakaingia kwa zamu, kwa sababu foleni ni foleni na hakuna aliyekuwa tayari kupoteza nafasi yake. Mmoja alijaribu kupenya wakamrudisha nyuma wakimsema. Mvuvi mmoja mzee alimwambia mchoraji kwamba yule samaki changu amewekewa mapezi ya kibua, na mchoraji akachukua brashi akamsahihisha samaki hapo hapo, watu wakimsimamia kama mafundi.

Foleni ndefu huvuta wakubwa, na kabla ya adhuhuri mgambo yule yule akatokea, akidhani kuna ulanguzi. Aliuliza kunauzwa nini. Hakuna kinachouzwa, akaambiwa. Akamwona mtu wake. "Wewe, unafanyia kazi wapi?" Mchoraji hakumpa barua kwanza. Alisema, "Hapa," akanyoosha mkono kuonyesha rafu, stoo, na ule mlolongo wa watu. Sikuwahi kusikia neno fupi likisemwa kwa raha namna ile. Mgambo akaisoma barua, akaukagua mhuri wangu, akairudisha. Akataka kuingia kutazama na yeye. Mwenyekiti wetu, aliyekuwa amekaa mlangoni kwenye kiroba, hakuinuka. "Foleni inaanzia kule, ndugu," akamwambia. Mgambo akaenda nyuma, akasimama baada ya jiwe la mtu. Mkewe mchoraji alifungua vyombo jioni ile.

Mchoraji alikaa nasi miezi kadhaa. Mimi muuza duka nilifika mahali pa kuomba sukari isije. Ikaja. Alitoa picha bila kuambiwa, akasaidia kushusha magunia, kisha akasimama nje na mikebe yake hajui pa kwenda. Mjane wa maandazi alikuwa kwenye foleni ya sukari. Alimwambia nyuma ya nyumba yake kuna banda la kuku lisilo na kuku, na baadaye akampangisha chumba humo nyumbani yeye na familia yake. Ndilo banda ninalolizungumzia, na ndiko nilikokuwa nikiwaelekeza vijana wa leo wanaonijia wakilalamika kwamba kumbi ni za harusi na semina tu, wakatundika kazi zao kwenye ukuta wa uani kwake.

Nimefikiri sana juma hili, na ninachoweza kuwaambia wenye funguo za mji huu ni kidogo. Mna vyumba vimefungwa, kuta ambazo hazina kitu, stoo zenye panya. Mkiombwa, mnajibu kama nilivyojibu mimi, kwa Kiswahili kizuri sana. Mimi nilinyima kitu ambacho sikuwa nacho, nikimwogopa anayechungulia dirishani, na siku tatu za hapana yangu zilibaki siku tatu tu kwa sababu mama mmoja alipita kukagua vumbi. Angekuwa safarini wiki ile, mtu yule angepanda lori na mimi ningeendelea kupanga vikopo. Nashukuru neno langu halikuwa la mwisho.

Baada ya maziko binti yake alifungua banda ili watu waage kazi za baba yake. Nikajongea mbele moja kwa moja, rafiki wa siku nyingi, mwenye sifa zangu za uongo. Mama mmoja mwenye umri wa binti yangu akanigusa bega kwa adabu. "Samahani, mzee," akasema. "Foleni inaanzia kule." Nilienda nyuma, nikapata nafasi yangu, nikasimama kwa raha zote mpaka zamu yangu ikafika.