Akamwani Katika Mfuko wa Koti

Ukipita Buganguzi ukauliza habari za Anatory seremala, utaambiwa kwamba alikwenda Bukoba mjini kung'arishwa meno kama Mzungu, majivuno yakamponza, akakosa mke. Watakuambia huku wanacheka. Mimi Privatus nikisikia hivyo huwa natamani kumtia mtu kofi. Majivuno gani? Mfa maji haachi kutapatapa, na Anatory alikuwa mfa maji. Ni mtoto wa baba yangu mkubwa, na kwetu huyo ni kaka. Nilikuwa naye tangu mwanzo hadi mwisho, tena mwisho wenyewe nilishiriki kuuleta, kama utakavyosikia.

Alizaliwa upande wa Meru, ambako marehemu baba yake alikuwa kibarua katika shamba la mlowezi mmoja. Maji ya kule, tulivyokuja kuambiwa baadaye, huharibu meno ya watoto tangu yakiwa bado ndani ya fizi. Baba mkubwa alipofariki, mama yake alimleta kwetu akiwa na miaka kumi na mitatu na kinywa cha rangi ya bati kuukuu. Sisi watoto tukampa jina la Kutu. Nasema sisi kwa sababu na mimi nilikuwamo, na nadhani ni mimi niliyelitamka wa kwanza.

Akajifunza kucheka amefumba midomo. Katekista alimsikia siku moja akiimba peke yake nyuma ya kanisa, akamsihi aingie kwaya. Akakataa, maana mwimbaji sharti afumbue kinywa. Akachagua useremala, na mimi naamini aliuchagua kwa ajili ya misumari. Seremala hubana misumari midomoni, na hakuna anayemuuliza kwa nini haongei. Kazi aliijua kweli kweli. Miaka ile kahawa ilikuwa na bei nzuri, kila mwenye kibanja cha migomba anataka nyumba ya bati na madirisha ya vioo, na watu walikuja kumtafuta kutoka mbali.

Katika nyumba mojawapo ndipo alipomkuta Benigna. Alikuwa binti wa Rubafu, amekuja Buganguzi kumwuguza dada yake aliyejifungua. Anatory alikuwa akitia madirisha ya nyumba hiyo, na Benigna alikuwa akikaa karibu, mtoto mchanga mapajani. Siku moja nyundo ilimponyoka Anatory ikatua ndani ya sufuria ya ndizi, mchuzi ukaruka mpaka kwenye kofia yake, na akacheka kabla hajakumbuka kufumba midomo. Benigna aliyaona meno yote. Hakugeuza uso, alicheka naye tu. Kaka yangu alirudi nyumbani jioni ile akiimba.

Nikateuliwa mshenga. Nina ulimi mwepesi na hasira za karibu, sikufaa kabisa, lakini hakutaka mtu mwingine. Tukaenda Rubafu kwa mzee Karugendo, baba wa binti. Mambo yalikwenda vizuri mpaka shangazi wa Benigna, bibi Kokwijuka, alipomwomba Anatory ataje mwenyewe majina ya babu zake. Akayataja. Yule mama akainama mbele kumtazama kinywani kama anayekagua ng'ombe wa kununua.

"Hayo meno ni ya ukoo," alisema, tena kwa sauti. "Mnataka wajukuu wetu wazaliwe na kutu mdomoni?"

Mzee Karugendo hakumkemea. Alisema tu turudi baada ya mwezi mmoja kupokea jibu. Tukiwa njiani tukaambiwa kwamba karani mmoja wa Kemondo naye amekwisha kupeleka watu wake.

Mwezi ule sitaki kuukumbuka. Anatory alisugua meno kwa mkaa, kwa majivu, kwa ndimu, kwa mchanga wa ziwani. Asubuhi moja nilimkuta karakanani ameketi juu ya mbao, kioo kidogo mkononi, damu imetapakaa kidevuni. Alikuwa ameyapiga msasa. Msasa ule ule wa kulainishia milango.

"Kaka, unafanya nini?"

"Yamegoma, Privatus," alisema, na machozi yakamtoka mbele yangu mtu mzima yule. "Nimesugua tangu alfajiri. Yamegoma."

Ndipo nikamtajia Yunus. Huyu alikuwa daktari wa meno, Mhindi aliyesomea Bombay, mwenye chumba chake karibu na soko la Bukoba. Nilikuwa nimesikia kwamba ana dawa ya kurudisha weupe. Anatory hakuniuliza mara mbili. Aliuza baiskeli yake, kisha akapanda lori la kahawa mpaka Kemondo, na kutoka Kemondo mpaka mjini. Daktari alimwambia aje Ijumaa tatu mfululizo. Ijumaa ya tatu ilikuwa siku moja tu kabla ya siku tuliyopewa na mzee Karugendo, kwa hiyo tukafuatana, ili kesho yake tushike njia ya Rubafu moja kwa moja.

Nilisimama pembeni nikaona kila kitu. Alilazwa kwenye kiti kirefu. Daktari alimpaka mafuta mazito kwenye fizi, akamfunika kinywa kwa kipande cha mpira chenye matundu, meno yakabaki yamechomoza peke yake. Kisha alichovya pamba katika chupa nyeusi, akaiweka juu ya meno, na kuyasogezea taa kali mpaka dawa ikaanza kutoa povu. Anatory alishika mikono ya kiti. Kila daktari alipomuuliza kama apumzike, alitikisa kichwa. Ikapita saa nzima. Mwisho akapewa kioo.

Alijitazama muda mrefu. Meno yalikuwa meupe. Si meupe kama karatasi, lakini meupe kama ya mtu yeyote. Alifumbua kinywa, akafumba, akafumbua tena. Nilitoka nje nikajifanya natafuta gari.

Niliporudi, daktari alikuwa akimpa masharti. "Siku saba," alisema, "usiguse kahawa, usinywe chai, usivute kiko. Sasa hivi meno yako ni kama kitambaa cheupe kilichotoka kufuliwa. Kahawa ikiyagusa, yataichukua rangi yake."

Tukaitikia, "Ndiyo, daktari." Wahaya wawili, wana wa kahawa, tumeitikia ndiyo, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kesho yake tunakwenda nyumba ya nani.

Kwa asiyetujua, niseme. Kwetu mgeni haanzi kwa maji wala kwa lubisi, pombe yetu ya ndizi. Anaanza kwa akamwani, punje za kahawa zilizochemshwa na majani ya harufu nzuri zikakaushwa, na huletwa katika kikapu kidogo cha ukindu. Unachukua, unatafuna, ndipo maneno yanaanza. Ukikataa umemwambia mwenye nyumba kwamba humwamini. Ukichukua ukaficha, hilo ni baya zaidi, maana mtu haondoki na akamwani ya watu ila awe anakwenda kuifanyia uchawi.

Tuliingia kwa mzee Karugendo, tukaketi kwenye nyasi mpya zilizotandikwa kwa heshima yetu.

"Nyegera waitu," mzee alitukaribisha.

Anatory aliitikia akitabasamu, midomo wazi. Bibi Kokwijuka alimkazia macho kinywani, na tangu hapo hakuyaondoa.

Kwa kawaida kikapu huletwa na binti wa nyumba. Siku ile mzee Karugendo aliinuka mwenyewe, akakichukua, akaja nacho mpaka mbele ya kaka yangu. Ningekuwa na akili ningeuliza moyoni kwa nini. Mimi niliona kahawa tu, nikasikia sauti ya daktari ikisema siku saba.

Anatory alichukua punje moja. Alikuwa anaipeleka mdomoni, nakuapia, ilikuwa imekaribia kabisa, na mimi nikamgusa goti. Nilimgusa kwa nguvu. Akakumbuka. Mkono ukasimama hewani. Akakohoa kidogo, kisha mkono ukashuka, ukaingia katika mfuko wa koti.

Ningeweza kusema. Mshenga kazi yake ni kusema. Lakini kusema ni kuwaambia kwamba meno haya ni ya dawa, na yale mengine bado yako chini yake, na neno la ukoo lingerudi palepale. Nikanyamaza. Mimi, mwenye ulimi mwepesi.

"Hatafuni," alisema bibi Kokwijuka.

Mzee alikuwa amekwisha kuketi. "Nani?"

"Huyu. Ameitia mfukoni. Mwambie aitoe."

Anatory aliitoa. Ilikuwa imelala katikati ya kiganja chake, nyeusi. Akaanza kueleza habari za daktari, maneno yakagongana. Mzee Karugendo hakuwa anamsikiliza tena. Alikuwa akiitazama ile punje.

"Niliichemsha kwa mikono yangu," alisema. "Mwanangu, umenidhania nini?"

Hapo kaka yangu akafanya jambo ambalo hata leo likinijia naacha ninachokifanya. Aliangukia kikapu kwa magoti yote mawili. Akachota kwa kiganja kizima, akajaza kinywa, akatafuna, akachota tena. Alikuwa analia na kutafuna, ute wa kahawia unamtiririka kidevuni mpaka kwenye shati jipya, na bado anamwambia mzee kama baba yake, "Natafuna, tata, nitazame, natafuna."

Mzee aligeuza uso. "Mwondoe," aliniambia kwa sauti ya chini. "Mwondoe, anajiaibisha."

Tulikuwa tumekwisha kuvuka kibanja, tunaingia kwenye rweya, ile mbuga ya nyasi nje ya kijiji, niliposikia mtu anakimbia nyuma yetu katika majani. Ni Benigna. Alisimama mbali kidogo, mkono kifuani, anahema.

"Anatory, mbona hukuniambia?" alisema. "Mimi nilikwisha kumwambia baba nakutaka na meno yako yale yale. Akagombana na shangazi wiki nzima, akamshinda. Hukuona alivyokuletea kikapu mwenyewe? Lile ndilo lililokuwa jibu."

Anatory alikuwa amefumba midomo, kama zamani. Benigna alingoja, kisha wakamwita nyumbani, akarudi. Kabla ya Krismasi karani wa Kemondo alimwoa.

Imepita miaka minne. Kaka yangu bado anatengeneza madirisha, misumari midomoni, na hajaoa. Kuhusu goti hajawahi kunilaumu, hata mara moja, nami sijapata ujasiri wa kulitaja. Juzi nilikuwa namshikia ubao, akapiga chafya, misumari ikaanguka, nikayaona meno yake yote. Ni meupe vilevile. Kahawa yote ile aliyotafuna siku ile haikuyatia hata doa moja.