Mama Themanini na Simu za Kiwandani

Fundi simu aliitwa kiwandani asubuhi ya Jumanne, na njiani alikuwa ameshakata shauri kwamba kosa ni la yule mama. Mtu aliyefungua simu za watu kwa miaka kumi na tano hasubiri kuona ndipo ahukumu. Anahukumu akiwa bado barabarani, akifika kazi yake iwe ni kutafuta ushahidi tu.

Kiwanda kilikuwa cha kushona sare za shule. Watu mia na sitini, cherehani safu kwa safu, na sheria moja isiyo na mjadala: simu haiingii ukumbini. Chanzo chake kilikuwa kidole cha mshonaji mmoja wa zamani, ambaye aliwahi kujibu ujumbe huku sindano ikiendelea na kazi yake. Tangu hapo kila mtu anakabidhi simu mlangoni asubuhi na kuichukua jioni, na katikati ya hapo inachajiwa bure. Simu zenyewe zilikuwa za aina moja. Uongozi uliwagawia wote siku moja, miaka minne iliyopita, ziwe za kusainia mahudhurio, kwa hiyo ukiziona mezani huwezi kujua ipi ya nani mpaka usome namba mgongoni.

Mlinzi wa simu hizo alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, asiyependa maneno mengi. Wafanyakazi walimbandika jina la Mama Themanini, tena si kwa mapenzi. Ukimpa simu yenye asilimia kumi, jioni inarudi na themanini. Ukimpa yenye hamsini, themanini. Mia hakuna aliyewahi kuiona mikononi mwake. Soketi zilikuwa ishirini na nne tu, simu mia na sitini, kwa hiyo watu walipiga hesabu yao: mama anachomoa mapema ili azungushe haraka, amalize, apate muda wa kusinzia.

Aliyelivalia njuga jambo hili alikuwa mkataji mkuu wa vitambaa, bingwa wa kupiga domo wakati wa mapumziko. Mwaka mzima alikuwa amegoma kuchajisha kwa mama. Aliikabidhi simu mlangoni kwa sababu ya sheria, lakini aliandika karatasi na kuibandika kwenye kava: ISIGUSWE. Watu arobaini hivi walimfuata. Wiki iliyopita mtoto wake alishikwa na homa kali, na simu ikamzimikia njiani akiwa anamtafuta mkewe ajue wamekwenda hospitali ipi. Alizunguka saa mbili. Mtoto alipona, lakini hasira haikupona, na kwa namna anayoijua mwenyewe akaimwaga yote kwenye chumba cha simu. Alisema chaja za mama ndizo zilizoharibu simu za kiwanda kizima.

"Fundi, wewe thibitisha tu," msimamizi wa kiwanda alimwambia mlangoni. Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa tayari mfukoni mwa shati. "Kama chaja ni mbovu, Ijumaa yule mama anafunga virago."

Fundi akakabidhi simu yake kama sheria inavyotaka, akaingia.

Alianza na chaja. Zote nzima. Akapima soketi, akapima nyaya, akapiga magoti kutazama chini ya meza. Hakuna kitu. Hapo akaanza kuudhika kidogo, maana ushahidi ulikuwa unachelewa. Akasimama akatazama chumba chenyewe. Rafu ya mbao yenye vyumba vidogo vyenye namba ilikuwa imesogezwa ukuta wa pili, ikaacha alama ya rangi mahali ilipokuwa zamani.

"Hii mbona imehamishwa, mama?"

"Nyuma ya ule ukuta ni chumba cha pasi. Weka mkono."

Akaweka. Ukuta ulikuwa wa moto kama mgongo wa mtoto mwenye homa.

"Niliomba miezi sita waihamishe," mama akasema. "Mwishowe nikaihamisha mwenyewe, siku ya mapumziko."

Fundi akaona pia kwamba kila simu iliyokuwa kwenye chaja ilikuwa imevuliwa kava, na makava yalipangwa pembeni kwa namba. Hakuna simu iliyolala juu ya nyingine. Chache zilikuwa na uzi mwekundu umefungwa kwenye pembe, mabaki ya uzi wa ukumbini. Mama alikuwa akipita mbele ya rafu, anagusa mgongo wa simu moja, anakwenda, anagusa nyingine, anachomoa. Hakuwa anatazama kioo.

"Uzi mwekundu ni wa nini?"

"Hizo zinapata joto haraka. Nazipa kidogo, nazipumzisha, nazirudia. Zenye pupa ndizo zinazokufa mapema."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna aliyenifundisha simu, mwanangu."

Fundi akatoa kipimo chake kidogo cha kusoma uwezo wa betri. Akachukua simu ya kwanza, akaifungua. Betri hizo zikiwa mpya zilibeba elfu nne, kwa hesabu ya mafundi. Baada ya miaka minne ya kuchajiwa kila siku, yeye alizoea kukuta elfu mbili na mia tano, na mwenye bahati elfu tatu. Kipimo kikaandika elfu tatu mia sita na arobaini.

Akakigonga kwenye kiganja. Akapima tena. Ile ile.

Akachukua ya pili, elfu tatu mia tano na tisini. Ya tatu, elfu tatu mia sita na kumi. Akachukua betri mpya kutoka mkobani mwake, ya dukani, akapima ili aone kama kipimo kimepagawa. Kipimo kilikuwa na akili zake timamu. Alipofika simu ya ishirini alikuwa ameacha kuandika. Alikaa chini kwenye kiti cha mama, mikono magotini, akaitazama ile rafu kutoka juu mpaka chini. Alijisikia mdogo, na hakuona aibu kujisikia hivyo. Miaka kumi na tano aliwahubiria wateja habari hizi, usijaze mpaka juu, usiache iishe kabisa, usiichome kwa joto, na hakuwahi kumwona hata mtu mmoja aliyezifuata kwa mwezi. Hapa palikuwa na mtu aliyezifuata miaka minne kwa simu zaidi ya mia, na hakuna aliyempa hata asante.

"Mama, hii tabia umeitoa wapi?"

Mama aliendelea kugusa simu zake kwanza.

"Kabla ya hapa nilikuwa mhudumu wa wodi ya watoto. Wale wanaoletwa wamekonda, ngozi na mifupa. Tuliambiwa tuwape maziwa kidogo kidogo, kila baada ya muda, maana shibe ya ghafla huwaua. Nina mwezi mmoja kazini, mtoto mmoja akalia sana. Nikamwonea huruma, nikamjazia kikombe." Akachomoa simu, akaiweka kwenye chumba chake. "Siku tatu tulipigania roho yake. Alipona. Simu si mtoto, najua. Lakini tangu siku ile mkono wangu ukikuta kitu kina njaa hauwezi tena kukijaza."

"Mbona hukuwaeleza watu?"

"Niliwaeleza mwaka wa kwanza. Wakacheka. Nikaona kazi iendelee tu."

Saa ya mapumziko fundi akamwita msimamizi na mkataji. Akamwomba mama simu ya mkataji.

"Hii unaichaji wapi?"

"Nyumbani. Chini ya mto, usiku kucha. Asubuhi ninayo mia yangu kamili, mimi si mtu wa themanini."

Fundi akabandua ile karatasi, akavua kava, akafungua. Betri ilikuwa imevimba katikati. Akawaonyesha wote wawili kioo cha kipimo: elfu mbili na mia tatu. Kisha akapima mbele yao simu ya mshonaji wa kola, iliyotoka kwenye rafu: elfu tatu mia sita na kitu.

"Ziligawiwa siku moja hizi," akasema, na sauti yake haikuwa ya kushtaki mtu. "Mia yako, kaka, ni elfu mbili na mia tatu. Themanini ya huyu mama ni karibu elfu mbili na mia tisa. Ungekuwa na themanini yake siku ile, ungempata mkeo."

Mkataji akasogea karibu. Aliitazama ile betri iliyovimba. Bila shaka alikuwa anaziona tena zile saa mbili barabarani.

"Mama," akasema, "utanipokelea simu yangu?"

Mama akaishika, akapitisha kidole mgongoni. "Hii siiwezi, imeshaumia. Mpe fundi akubadilishie betri, halafu uniletee."

Msimamizi akatoa barua mfukoni, akaikunja mara nne, akauliza kama mama anahitaji soketi zaidi. Mama akasema anahitaji feni.

Fundi akafunga mkoba, akaomba simu yake aondoke. Mama akamletea. Ilikuwa imevuliwa kava, ina asilimia themanini, na kwenye pembe kulikuwa na uzi mwekundu.

"Yako usiku inalala wapi, mwanangu?"

Fundi angeweza kutaja kazi yake na miaka yake kumi na tano.

"Kwenye chaja," akajibu. "Mpaka asubuhi."

Mama akatikisa kichwa taratibu, bila kumcheka. Fundi akaitia simu mfukoni, na ule uzi hakuufungua.