Koti la Babu na Mgeni wa Kichakani

Nyani hamwogopi mwanamke. Hilo kila mtu huku kwetu, chini ya Gachoka, analijua, na nyani wenyewe wanalijua kuliko sisi. Shosho, nyanya yangu, akisimama shambani na leso, wanaendelea kula ndengu zake huku wakimtazama kama walioalikwa harusi. Ndiyo maana akichunga shamba huvaa koti la marehemu babu, lile jeusi la kanisa, pamoja na kofia yake. Anatanua mabega, anakohoa kwa sauti nzito. Mimi nikiwa juu ya dungu, kile kitanda cha miti tulichojenga kwenye mgunga ili kuona shamba lote, nacheka hadi dungu linatikisika.

"Mke wangu, hata mimi umenitisha!"

Nina jina la babu, na kwa desturi yetu hilo linanifanya mume wake. Tangu nijue kuongea, nikizungumza naye sijawahi kumwita ila "mke wangu". Naye hujibu, "Mume gani, hata kuni hupasui?"

Nilipokuwa kidato cha kwanza, watu wa wanyamapori waliitisha baraza. Wakatuambia chui walikuwa wameisha katika hifadhi ya ng'ambo ya mto, ndiyo sababu nyani wamejaa kama wapiga kura. Sasa wanawarudisha. Shosho akainua mkono.

"Mnatuletea mgeni. Amesema atakula nini?"

"Nyani, mama."

"Na huyo chui, kuna mtu amemwambia?"

Baraza lilicheka, afisa akanywa maji.

Lakini tuseme ukweli, mambo yalibadilika. Nyani waliacha kulala kwenye miti ya mtoni. Shambani walianza kuja kwa haraka, wakiangalia nyuma, kama sisi tukiruka ua wa shule. Kanga wakarudi, kwa sababu hakuna tena wa kuwaibia mayai. Na ile miche ya ukingoni ambayo nyani walikuwa wakiing'oa kwa mchezo ikakua. Mahali palipokuwa na upara kama wa mwalimu mkuu pakawa kichaka, huoni hata maji. Watu walifurahi. Kisha mbwa wa jirani akapotea, halafu wetu. Nikamwambia Shosho mbwa wetu amehamia mjini Embu, amepanga nyumba mtaa wa Dallas. Hakucheka.

Likizo ya Agosti nikiwa kidato cha tatu, mchana, ndengu za mwisho zilikuwa zimekauka zikingoja kuvunwa. Nyani wachache wakajitokeza upande wa mto. Mara dume lao likabweka, wote wakapanda mti mbio.

"Umeona?" Shosho akapaza sauti. "Koti la mzee bado lina nguvu!" Akateremka kuelekea mtoni, fimbo juu, akiwafukuza. Nilikuwa nimefungua mdomo nimtanie.

Nyani hawakuwa wakimtazama yeye.

Nyuso zote zilikuwa zimeelekea kichakani, mbele yake. Nikatazama huko. Majani tu. Kisha mkia wenye madoa, ukichezacheza nchani tu.

Kwenye baraza walisema usikimbie, usimpe mgongo, usipige kelele. Ni rahisi kusema ukiwa na gari. Nikitaja chui, Shosho atakimbia. Nikitania, ataendelea kuteremka. Na kutoka alipokuwa hadi kichakani hapakuzidi urefu wa darasa letu.

"Shosho," nikasema.

Sikupaza sauti. Akasimama, fimbo hewani.

"Shosho, rudi kinyumenyume. Polepole. Usigeuke."

Hakuuliza kitu. Kisigino kikaanza kutafuta njia nyuma, maganda ya ndengu yakipasuka chini ya akala zake za tairi. Kofia ikaanguka, akaiacha. Ule mkia ukatulia. Kichwa kikainuka. Chui akamtazama, koti na yote, kwa muda ambao sitaki kuukumbuka. Nyani nao walinyamaza kabisa. Niligundua nimeshika manati isiyo na jiwe.

Mgongo wake ukagusa mgunga. Mkono wake ukapanda, ukashika kifundo cha mguu wangu, baridi kama bomba la asubuhi. Ndipo chui akageuka, majani yakajifunga nyuma yake.

Tulibaki hivyo mpaka jirani alipopita na punda wake wa maji, tukamfuata hadi nyumbani.

Jikoni, Shosho alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili.

"Kofia ya mzee imebaki," akasema.

"Wacha ibaki. Chui akiivaa, nyani watamheshimu zaidi."

Akaweka kikombe chini.

"Wewe. Usiniite Shosho tena. Uliponiita hivyo nilijua nimekufa."

"Sawa, mke wangu," nikasema.

"Basi nenda upasue kuni."

Nilienda. Nilizipasua karibu kabisa na mlango, uso wangu ukielekea mtoni.