Seli Zilizokuwa za Figo

Teksi ilikuwa imeshapotea mara mbili kabla mwandishi hajaliona jengo lenyewe, limejibanza nyuma ya karakana ya magodoro. Alizoea kuingia miji ya watu na kujitafutia njia kwa lugha za kuungaunga, lakini humu hata harufu ilikuwa ngeni kwake: spiriti, plastiki iliyopata moto, na kitu kama maziwa yaliyolala. Jarida lilimtuma aandike maisha ya profesa wa seli aliyekuwa anastaafu siku hiyo. Wanafunzi walimwita Mama Seli. Mchana ule angetunukiwa ngao katika ukumbi wa ng'ambo ya ua.

Alimkuta maabarani, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, akibishana na mkuu wa maabara, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake.

"Pita ukae, usiguse kitu," Mama Seli alimwambia. "Umekuja nyumba haijafagiwa."

"Mama, mgeni huyu ni mwandishi," mkuu alinong'ona.

"Ndiyo maana nataka asikie."

Akamsimulia bila kupamba. Ujanani alipewa kipande cha figo kutoka chumba cha upasuaji, akazifuga seli zake kwenye chupa, akazibembeleza kama mtoto asiyetaka kula. Siku seli zilipokubali kuishi, akagundua ndani yake protini inayoziambia zijigawe au zisimame. Jina likavuma. Maabara za miji mingi zikaomba mbegu. Akazigawa bure, kwenye vichupa vilivyogandishwa. Wako watu waliopata uprofesa juu ya mgongo wa seli zile, na dawa mbili za figo zilikuwa zinajaribiwa kwa kuzitegemea.

"Sasa mwulize huyu zimekuwaje," alisema, akimwonyesha mkuu kwa kidevu.

Mkuu alivuta pumzi. Maabara yake ilikuwa imezipima vinasaba, kwa desturi tu, na seli hazikuwa za figo. Zilikuwa za uvimbe wa saratani ya mapafu, uliowahi kufugwa katika kabati lilelile la joto. Tone moja lilitosha. Zile za uvimbe hukua mbio; ziliingia chupani kama wapangaji wakorofi, wenye nyumba wakafa kimyakimya, na jina mlangoni likabaki la wenye nyumba.

"Tone lilipitaje?" mwandishi aliuliza.

"Kwa mkono wangu," Mama Seli alijibu. "Lishe ya seli, haya maji ya rangi ya waridi, ilikuwa shida kupatikana. Nikafundisha tutumie chupa moja kwa seli zote. Unachota unalisha hizi, unarudi kuchota unalisha zile. Waliosoma kwangu wote wanafanya hivyo."

"Mpaka leo nafanya," mkuu alisema taratibu. "Na vijana nawafundisha. Nilidhani ndio ufundi."

Lilikuwa limebaki tumaini moja. Kichupa cha kwanza kabisa, kilichogandishwa kabla uvimbe haujaletwa, kilikuwa kimetolewa barafuni na kupelekwa kupimwa. Kikiwa safi, makala ya kwanza ya Mama Seli ingesimama na ugunduzi wenyewe ungebaki. Mengine yangeporomoka, lakini si yote.

"Mama, jibu likija vyovyote, leo chukua ngao yako ukapumzike," mkuu alisihi. "Masahihisho nitayatoa mwakani, polepole."

"Polepole kama dawa ya mtoto."

"Vijana wangu wawili wametetea tasnifu kwa seli hizi. Niwaambie nini?"

"Waambie bibi yao aliwapikia mawe. Na wale wanaojaribu dawa, wao wasubiri mwakani?"

Kompyuta ikalia kidogo. Mkuu alisoma jibu la kipimo, akasoma tena, kisha akasogeza kiti ili mwalimu wake apite. Mama Seli aliinama karibu na kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu.

"Mapafu," alisema.

Inaelekea kibandiko cha kile kichupa kilikosewa tarehe, au uvimbe uliingia mapema kuliko alivyokumbuka. Mkuu alianza kutaja uwezekano mmoja baada ya mwingine. Mama Seli alimshika bega kumkatiza.

"Basi hata ile protini ni ya mapafu," alisema. "Huenda ina maana huko. Mtu mwingine atatafuta." Akavua koti jeupe, akalikunja, akatafuta pa kuliweka, akampa mkuu.

"Nije nawe, Mama?"

"Wewe una jina la kulinda. Baki nalo mpaka jioni. Kesho tutalia pamoja."

Mwandishi alisimama pia, daftari mkononi.

"Na wewe kaa hapo, baba," Mama Seli alimwambia. "Andika yote, lakini walioko ukumbini wasikie kwangu kwanza."

Akatoka, akashuka ngazi akishikilia ukuta. Kupitia dirishani mwandishi alimwona akikatiza ua, akisimama kidogo, akiendelea. Mlango wa ukumbi ulifunguliwa. Makofi yakapasuka, marefu, ya furaha, ya watu ambao bado hawajaambiwa kitu. Mkuu alikaa na lile koti mapajani. Kisha makofi yakaisha, na kule ng'ambo kukawa kimya.