Nilifeli hesabu, na leo nalipwa kwa kutazama nyota Usagara

Wakuu wa baraza hili la wasomaji, hamjambo nyote.

Nawaandikia kutoka Makorora, Tanga, mtoto nimempakata, kwa hiyo sitapamba maneno. Haya yamenipata mimi mwenyewe. Anayetaka shahidi akamuulize mavyaa wangu, mama mzaa mume wangu. Yule mama hanipendi kiasi cha kunisemea uongo mzuri.

Toleo lililopita kuna bwana mwalimu aliandika hapa kwamba kijana asiyeweza hesabu asijisumbue na elimu ya nyota, bora ashike jembe.

Nilisoma nikaishiwa na subira. Uji ukaungua.

Bwana mwalimu, unawajua hao unaowaambia? Mimi namjua mmoja vizuri sana.

Nilisoma mpaka darasa la kumi, shule ya bweni. Kila somo nilikwenda nalo sawa, hesabu zikanishinda. Si uvivu. Jawabu nilikuwa nalo kichwani mpaka kalamu iguse karatasi, hapo linayeyuka. Wenzangu wanatoka kwenda kula, mimi bado napanga namba huku machozi yananidondoka. Nimechapwa rula za vidole mpaka nikazizoea.

Lakini nyota nilizijua kama watu wa mtaani kwetu. Nani anatoka mapema, nani mwekundu, nani na nani hawaachani. Nikamwambia mwalimu wetu nataka kazi ya nyota. Darasa zima lilicheka, na yeye akawaacha wacheke.

Nikaolewa, nikamzaa Asha, nikanyamaza.

Sasa sikilizeni.

Mtaa wa Usagara, hapa hapa Tanga, kuna fundi saa, Bwana Gulamali, Mhindi, mtu mzima. Juu ya duka lake kuna sakafu ya wazi, na hapo ameweka darubini. Ana chama chake cha watazama nyota ng'ambo, anawapelekea habari za anga la huku kwetu. Masikini, mtoto wa jicho akamwingia macho yote mawili. Ikasemwa anatafuta mtu wa kumtazamia, kwa mshahara.

Nilikwenda siku hiyo hiyo, Asha mgongoni.

Mpwa wake Akbar, ndiye anayemwandikia barua, akanipa hesabu za sehemu nifanye pale pale kwenye meza ya duka. Nikafanya. Akaangalia, akatabasamu upande mmoja.

"Mama Asha, hizi hata muuza karanga angezipata."

"Basi kamwajiri muuza karanga," nikamwambia.

Bwana Gulamali akainua kichwa kwenye saa aliyokuwa akiipapasa. "Akbar, mimi natafuta macho. Vidole vya kuhesabia unavyo wewe, kumi vizima." Akanigeukia. "Mwezi mmoja wa majaribio, mama. Ukifaa utabaki."

Niliitaka kazi ile, wakuu. Sijawahi kutaka kitu namna ile.

Nyumbani mume wangu hakuwa na neno, yeye ni mtu wa reli, leo yupo kesho hayupo. Mavyaa ndiye aliyekuwa na maneno. "Sitaki watu waseme mke wa mwanangu anakesha juu ya dari ya watu." Akafunga mkeka, akachukua tasbihi yake, akanifuata. Kila jioni. Yeye na Asha kwenye mkeka, mimi kwenye darubini.

"Haya, bibi nyota," ananiambia. "Umemwona marehemu mume wangu huko juu? Muulize funguo za kabati aliweka wapi."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Upande wa kaskazini kuna nyota inayong'aa vizuri, halafu jioni fulani inafifia kama taa iliyopunguzwa utambi, na kesho yake imerudi kama kawaida. Mimi naifananisha na jirani zake. Leo imeishinda ile? Imeshindwa na hii? Basi. Hakuna kujumlisha wala kutoa.

Kila wiki mara moja napita dukani, namwambia Akbar nilichoona usiku gani, naye anaandika kwa Kiingereza.

Mwezi ulipokwisha nikaitwa. Mavyaa akaja, hakosi.

Akbar alikuwa amesimama kifua mbele. Chama cha ng'ambo hutangaza mapema nyota ile itafifia lini, na habari zangu zote zilikuwa kombo. "Wao wamesema itafifia Alhamisi. Mama Asha anasema aliiona imefifia Ijumaa. Na jioni nyingine hivyo hivyo, zote zimechelewa siku moja. Mjomba, nilikwambia. Asiyejua hesabu hata siku zinampotea."

Bwana Gulamali akashusha pumzi. "Pole, mama. Nitakulipa mwezi wako."

Nikajiona niko tena darasani, watu wanacheka. Nikaanza kumfunga Asha mgongoni niondoke.

Mavyaa hakuondoka.

"Ijumaa ipi?" akamuuliza Akbar.

"Ijumaa, bibi. Alisema usiku wa Ijumaa."

"Ndiyo. Usiku wa Ijumaa nilikuwa hapa hapa namsomea marehemu Yasini, na huyu mkwe wangu akanikatiza, ati mama njoo uone, imefifia. Nilimkasirikia. Wewe kijana, Yasini ya usiku wa Ijumaa kwenu mnaisoma lini?"

Akbar akamgeukia mjomba wake.

Bwana Gulamali ndiye aliyejibu, taratibu. "Alhamisi. Magharibi ikishaingia."



Wakuu, mnaelewa? Sisi usiku ndio unaotangulia mchana wake. Jua likizama Alhamisi, Ijumaa imeingia. Nilisema kama tunavyosema wote, na Akbar, Mwislamu mwenzetu, akishika kalamu ya Kiingereza anahesabu Kizungu, siku haigeuki mpaka saa sita usiku. Macho yangu hayakukosea hata jioni moja.

"Kwa hiyo nizirekebishe zote?" Akbar akauliza, kwa sauti ndogo.

"Si ndiyo hesabu hiyo?" mavyaa akamwambia. "Rekebisha."

Nikabaki kazini, na mpaka leo nipo.

Sasa funzo, bila kuzunguka. Zipo kazi za nyota ambazo mlango wake ni hesabu, hilo sibishi wala sitawadanganya watoto. Lakini Bwana Gulamali hunipa majarida yake niyasome, na humo nimewaona wanaosugua vioo vya darubini, wanaosafisha picha za anga, wanaochora sura ya mwezi, wanaotunza vitabu, wanaowafundisha watoto, wanaoandika magazetini. Hesabu bado zinanishinda. Juzi nimekosea chenji ya mafuta ya taa. Jioni yake nikapanda juu nikafanya kazi yangu.

Mwenye kujua kazi nyingine ya namna hii aitaje hapa, wapo wanaoihitaji. Mwenye kupinga naye apinge, sichukii.

Na wewe bwana mwalimu, karibu. Ila ukija, tutajie mtoto mmoja tu uliyemwambia hawezi, utuambie sasa hivi yuko wapi.